Usisaini Ukiwa na Homa

Kama umetoka kliniki leo umeambiwa una kifua kikuu, na hujui kesho utamwambia nini mwajiri wako, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Mambo ya vijidudu na mapafu utaelezwa na wauguzi, tena vizuri kuliko mimi. Mimi ni mpishi. Ninachoweza kukusimulia ni jinsi nilivyougua, jinsi nilivyonusurika kupoteza kazi, na habari za mwanamke mmoja wa londri ambaye hadi leo nikimtaja nyumbani kwangu watoto hunyamaza wasikilize.

Naitwa Shabani. Kwetu ni Ulaya, na kila nikiwaambia wageni hotelini kwamba nimezaliwa Ulaya hucheka kwanza, halafu huuliza Ulaya ipi. Ni hii yetu, ya mahindi na mpunga na baiskeli, katikati ya Kilosa na Mikumi. Kazi yangu iko Mikumi, kwenye hoteli ya watalii wanaokuja kuona wanyama mbugani. Siku za kazi nalala kwenye nyumba za wafanyakazi. Siku za mapumziko narudi kwa mke wangu Mwajuma na watoto wetu.

Kikohozi kilianza kwenye joto la baada ya mwaka mpya. Jikoni kuna moshi, kuna mvuke, kuna pilipili inayokaangwa. Mpishi akikohoa hakuna anayegeuka. Nikanunua dawa ya maji dukani. Ikaisha, nikanunua nyingine. Kisha nikaanza kuamka shuka limelowa chapachapa, na mchana miguu ikawa mizito hadi nikawa natafuta visingizio vya kukaa kwenye gunia la viazi. Mkanda wa suruali niliutoboa tundu jipya kwa msumari, halafu jingine. Nyama choma, chakula nilichokipenda tangu utoto, ikawa inaninukia kama mpira ulioungua.

Aliyenigundua hakuwa mpishi mwenzangu. Alikuwa Dada Damari, mkuu wa londri, mwanamke mtu mzima kutoka milimani juu ya Kilosa, mtu wa kanisani, asiye na maneno mengi. Yeye pia ndiye aliyekuwa mwakilishi wetu wa chama cha wafanyakazi pale hotelini, nafasi ambayo wengine waliikimbia kwa kuogopa kuonekana wakorofi. Sare zote na shuka zote hupita mikononi mwake. Siku moja nilipokwenda kuchukua koti langu la jikoni alilishika, hakunipa.

"Shabani, shuka zako nazifua mimi," aliniambia. "Tangu lini unatoka jasho namna hii?"

"Ni joto tu, dada."

"Joto la Mikumi tunalo sote. Nenda ukapime makohozi."

"Nitakwenda siku ya mapumziko."

"Nenda kesho. Na mpishi mkuu nitaongea naye mimi."

Nikaenda Kilosa, hospitali, kwa kuwa nyumbani ni karibu na huko. Benchi la wagonjwa wa kifua liko nje, chini ya bati, ili hewa ipite. Ukikaa pale kila anayepita anajua umefuata nini. Nilijifunika barakoa hadi machoni nikidhani nimejificha. Pembeni yangu alikaa mfugaji mmoja mrefu kutoka Msowero, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuhesabika, na bibi mmoja wa Mvumi aliyekuja na chupa ya chai iliyojaa uji. Mvua ya kwanza ya masika ilikuwa inapiga bati, hatusikilizani. Bibi akamimina uji kwenye kifuniko, akampa yule mfugaji, kisha akanimiminia na mimi kwenye kikombe cha karatasi.

"Kunyweni," alisema. "Huko majumbani wanatuogopa vya kutosha. Hapa tusiogopane."

Majibu yalipotoka, muuguzi aliniita ndani akafunga mlango. "Ni TB," aliniambia. "Na inatibika. Nataka uende nyumbani umelishika neno la pili, si la kwanza." Nililishika. Lakini njia nzima la kwanza ndilo lililokuwa linapiga kelele.

Daktari aliniandikia karatasi ya kupumzishwa kazi, ile tunayoiita ED. Damari alikuwa ameshanielekeza kwa simu cha kufanya nayo: nitoe nakala, moja niipeleke ofisini wanigongee muhuri wa kupokelewa kwenye ile nyingine, nami nibaki nayo. "Ukiwa mgonjwa kwa cheti cha daktari, uko likizo," aliniambia. "Sheria inakupa karibu miezi miwili ya mshahara kamili, na mingine kama hiyo ya nusu mshahara. Hupewi kwa hisani. Ni yako, kama siku yako ya mapumziko ilivyo yako." Sikuwahi kujua. Miaka yote ile nilidhani mfanyakazi akiugua anamwachia Mungu na meneja.

Nyumbani tulianza maisha mapya. Watoto walipimwa, wakapewa dawa za kinga. Mwajuma ndiye aliyepewa kazi ya kunisimamia nikimeza vidonge. Kila asubuhi alisimama mbele yangu na kikombe cha maji, akasubiri hadi nimeze, kisha akasema, "Fungua kinywa." Mara ya kwanza nilikasirika, mtu mzima kukaguliwa kinywa na mkewe. Baadaye tukawa tunacheka.

Usiogope mkojo wako ukigeuka rangi ya chungwa, ni dawa. Mimi sikuwa nimemsikiliza muuguzi vizuri, nikatoka chooni nikamwambia Mwajuma nakufa. Viungo viliniuma hadi kukaa kwenye jamvi ikawa shughuli. Ngozi iliwasha. Ramadhani iliingia nikiwa katika hali hiyo, na kwa mara ya kwanza tangu nibalehe sikufunga. Niliona aibu kubwa kuliko ugonjwa wenyewe, kula mchana wakati nyumba nzima imefunga. Binti yangu Tausi alikuwa ananiletea uji chumbani, anauweka, anatoka bila kuangalia nakunywaje. Siku moja alirudi akasema, "Baba, shehe wetu amesema anayekula kwa ajili ya dawa naye yumo kwenye ibada." Sikujua alimuuliza shehe saa ngapi. Nililia kidogo baada ya yeye kutoka.

Kaka yangu mkubwa, Hamisi, yeye alikuja na jambo jingine. Alikaa uani, mbali na mlango, sahani yake amekuja nayo kutoka kwake. "Shabani," alisema, "mpishi mwenye TB hatakiwi na mtu. Wakikupa chochote, pokea, uachane nao. Usitutie aibu ya kugombana na wakubwa." Hakuwa na ubaya. Aliogopa, kama nilivyoogopa mimi. Lakini maneno yake yalinikaa kichwani kwa sababu ndiyo niliyokuwa nikijiambia mwenyewe kila asubuhi.

Kisha mshahara haukuingia. Nikadhani ni kuchelewa. Wa mwezi uliofuata nao haukuingia, ila simu ikaja kutoka ofisini: nifike Mikumi, meneja ana maongezi na mimi.

Meneja wetu alikuwa kijana mtanashati, mwenye adabu, aliyeletwa na wenye hoteli kutoka mjini. Hakunipokea ofisini. Kiti changu kiliwekwa barazani, peke yake, na yeye akasimama mlangoni. Wenzangu walipita na matoroli ya shuka wakinipungia mkono kwa mbali. Nilikuwa na homa siku ile, na safari ilikuwa imenimaliza. Aliniwekea karatasi na kalamu juu ya meza ndogo, akarudi nyuma.

"Kaka Shabani, sisi tunakupenda," alisema. "Lakini unajua wageni. Akisikia mmoja tu kwamba jikoni kuna TB, hoteli imekwisha. Hii ni barua ya kuacha kazi kwa hiari. Saini, tukupe kitu cha kukusaidia, ukatulie nyumbani."

"Naomba niende nayo nikaisome na mke wangu."

"Mwisho ni leo, kaka. Kesho huu msaada sina uwezo nao."

Niliishika kalamu. Sitakudanganya, niliishika kwa nia ya kusaini. Nilitaka tu nirudi kulala. Mara nikasikia kiti kinaburutwa kwenye sakafu. Alikuwa Damari, mikono imelowa, povu la sabuni kwenye viwiko. Alikiburuta kiti kutoka upande wa pili wa baraza, akakiweka kando ya changu, bega kwa bega, akakaa. Tangu nianze kuugua, ukiacha mke na watoto wangu, hakuna mtu mzima mwenye afya aliyekaa karibu yangu namna ile.

"Shikamoo mama," meneja alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu." Kisha akanigeukia mimi, kama vile meneja hayupo. "Una homa?"

"Ninayo, dada."

"Basi usisaini. Mtu hasaini kitu cha maisha yake akiwa na homa." Akachukua kalamu mkononi mwangu taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akairudisha mezani. "Meneja, huyu yuko kwenye likizo ya ugonjwa, ED yake mliipokea. Kama mna la kumwambia kazini, mwambieni akipona, na mimi nikiwepo. Na wauguzi wameshasema, akishatumia dawa kwa wiki kadhaa hamwambukizi mtu. Mimi nimewauliza."

Meneja alisema hii ni kazi yake, naye ana wakubwa wake. Damari akamjibu bila kupandisha sauti: "Najua. Wakubwa wako nao wana sheria."

Aliniinua akanisindikiza hadi barabarani kupata usafiri. Hakunipa hotuba. Aliniuliza tu kama nyumbani kuna mayai, na wiki ileile watu wa londri walichanga trei ya mayai na maharage, wakampa dereva wa gari la Kilosa avishushe Ulaya.

Dawa zilianza kufanya kazi. Njaa ilirudi ghafla, njaa ya ajabu, nikawa namaliza ugali wangu na kutazama wa watoto. Kwenye mizani ya kliniki muuguzi alipiga makofi. Mahindi yalikuwa yanakomaa shambani, na Mwajuma, aliyelima peke yake masika yote na kwenda gulioni kuuza mchicha kwa baiskeli, alikuwa amekonda kunishinda. Nilimwona siku moja amekaa kwenye kizingiti anajikanda miguu. Ugonjwa ulikuwa wangu, ila uzito wake aliubeba yeye. Kama unaugua na una mtu kama huyu, mwangalie vizuri.

Hapo ndipo ujumbe wa kufukuzwa ulipoingia kwenye simu. Sababu: utoro kazini. Mimi mtoro, na ED yenye muhuri wao imo kwenye begi langu.

Nilimpigia Damari nikimwambia basi, nimechoka, tuache. "Kuchoka una haki," alisema. "Lakini kwenye kulalamikia kufukuzwa, sheria inakupa mwezi mmoja tu. Ukichoka mwezi huu, mwezi ujao utakuwa na nguvu na hutakuwa na kesi. Tuipeleke kwanza, halafu uchoke."

Tukaipeleka kwenye tume inayosuluhisha migogoro ya kazi, Morogoro. Siku ya usuluhishi tulipanda treni ya umeme kutoka Kilosa, yeye akiwa amevaa gauni lake la kanisani. Mimi nilikuwa na barakoa mfukoni ingawa nilishaambiwa siihitaji tena. Ukumbi wa kusubiri pale haukutofautiana sana na benchi la kifua: watu wameshika karatasi zao magotini, hakuna anayemtazama mwenzake, kila mlango ukifunguka wote wanainua vichwa. Kijana mmoja mlinzi alikuwa amefungwa bandeji mkono mzima. Mama mmoja alikuwa na tumbo la ujauzito, ameletwa na dada yake. Nilitamani yule bibi wa Mvumi awepo na chupa yake.

Meneja alikuja na mtu mwingine wa kampuni. Tulikutana nao kwenye korido. Alitusalimu vizuri, kisha akamvuta Damari pembeni kidogo, ila nilisikia.

"Mama, na wewe mkataba wako unaisha mwezi huu."

Sikuwa najua. Safari nzima hakuniambia.

"Najua," Damari alimjibu. "Ndiyo maana nimekuja kabla haujaisha."

Akaingia chumbani wa kwanza.

Msuluhishi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya uchovu na macho yasiyochoka. Alisoma ED yangu, akautazama muhuri. Akawauliza wale wa kampuni: "Mlimwita huyu kwenye kikao cha nidhamu kabla ya kumfukuza?" Hawakuwa wameniita. Akauliza ni nani aliyeniona nikiwa kazini na nikiwa mgonjwa. Damari akasimama, akasimulia kila kitu tangu shuka zangu hadi kiti cha barazani. Hakuongeza chumvi. Hata pale ambapo angeweza kumchafua meneja, alisema, "Kijana huyu hana roho mbaya. Aliogopa wageni. Lakini woga wake usilipwe na mgonjwa."

Meneja alikuwa ametazama chini. Wakaomba kutoka nje wapige simu. Waliporudi walikubali: kufukuzwa kufutwe, nilipwe haki yangu ya likizo ya ugonjwa, na nirudi jikoni daktari atakaponiruhusu. Nilisaini. Siku hiyo sikuwa na homa.

Kwenye treni ya kurudi nilimuuliza Damari kwa nini hakuniambia habari za mkataba wake. "Ungekataa kuja," alisema, akalala hadi Kilosa, kichwa kimeegemea dirisha, mdomo wazi, mtu aliyechoka kuliko alivyotaka tujue.

Mkataba wake waliuongeza, ila kwa muda mfupi kuliko ilivyokuwa desturi. Aliusoma mstari kwa mstari, akausaini, akarudi kwenye pasi.

Kaka Hamisi alipopata habari alikuja tena. Safari hii alikula kwenye sahani yetu.

Daktari aliniruhusu kuanza kazi nyepesi kiangazi kikiwa kimeshika, nyasi za mbugani zimegeuka rangi ya majivu. Bado nilikuwa na vidonge vya miezi ya mwisho. Mpishi mkuu alinipa kazi ya kupika chakula cha mchana cha wafanyakazi, wali na maharage ya nazi. Nilipika kwa uangalifu ambao sijawahi kumpikia mgeni yeyote. Nilipofunua sufuria pale uani nikagundua jambo ambalo tume haikuweza kunisuluhishia. Sheria inaweza kumlazimisha mwajiri anirudishe. Haiwezi kumlazimisha mtu ale chakula changu.

Walikuwa wamesimama na sahani zao, wale wa bustani, wa vyumba, madereva. Kila mmoja alikuwa anamtazama mwenzake. Hakuna aliyesogea. Nilimtafuta Damari kwa macho. Alikuwa nyuma kabisa, sahani kwapani, anatazama miti. Nilishangaa. Nikadhani hata yeye anakiogopa chakula changu.

Baadaye alinieleza. "Ningetangulia mimi wangesema ni kazi ya mwakilishi. Nilitaka waje wenyewe."

Aliyesogea alikuwa Joyce wa usafi wa vyumba, dada ambaye wakati naugua alikuwa akiniona njiani anavuka upande wa pili. Alikuja amekunja uso, kama mtu anayeingia kwenye maji baridi. Akanyoosha sahani.

"Shikamoo kaka Shabani," alisema. "Pole na kuumwa."

"Marahaba. Nimeshapoa."

Nikampakulia. Hakuondoka. Alichungulia ndani ya sufuria, akasogeza wali pembeni kwa macho, kisha akauliza kwa sauti, wote wakasikia:

"Ukoko umeungua au unalika?"

"Unalika."

"Basi niwekee na mimi," akasema dereva mmoja nyuma yake, "asije akaumaliza huyu." Foleni ikaanza kusukumana.